Plasta Mpya: Kupaka Rangi Kuta na Dari Bila Kuirudia Kazi

Sebule yangu ya kwanza niliipaka rangi mara mbili ndani ya miezi mitano. Plasta ilipigwa mwishoni mwa Machi, masika yakaingia, na mimi nilikuwa nimeshamuaga mwenye nyumba niliyekuwa nimepanga kwake. Siku ya kumi na moja fundi akapaka rangi ya mafuta ya krimu, inayong'aa, na kila aliyepita akaisifia. Kufikia Juni ilikuwa imeota vipele karibu na sakafu. Ukikibonyeza kipele kinatoa maji, na chini yake rangi inanata kidoleni na kuteleza kama sabuni.

Ilikuwa sabuni kweli. Saruji ikikutana na maji huzalisha chokaa, na chokaa hiyo ni alkali kali: plasta mbichi ina pH kati ya 12 na 13. Rangi ya mafuta nayo, kama jina lake, ina mafuta ndani yake. Kina mama wanaotengeneza sabuni za mche mtaani wanaijua hesabu hii vizuri: mafuta ya mawese au ya nazi, maji, kostiki soda, basi. Mimi niliipika yangu ukutani.

Kwa hiyo kwenye ukuta mpya unapambana na vitu viwili tu, maji yaliyomo ndani na chokaa iliyomo ndani. Rangi yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Ninachoandika hapa kinahusu hasa nyumba zetu za tofali za saruji na plasta ya saruji na mchanga, pamoja na dari za jipsamu ambazo siku hizi zimejaa kila mtaa.

Kwanza mwagilia, kisha acha ikauke

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu plasta inataka mambo mawili yanayopingana. Siku za mwanzo inataka maji. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kukaa na maji, kwa hiyo mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Chumba chenye jua la mchana kimwagilie mara tatu. Plasta iliyonyimwa maji wiki ya kwanza hubaki unga: ukiipitisha kiganja kinatoka cheupe, na rangi utakayoipaka juu yake itabanduka na unga huo huo.

Baada ya hapo funga bomba na ufungue madirisha. Kipimo cha kawaida ni wiki moja ya kukauka kwa kila milimita 5 za unene, hewa ikiwa kavu. Plasta ya ndani huwa milimita 12 hadi 15, hivyo ni wiki tatu, ukijumlisha na ile ya kumwagilia unapata siku 28. Hicho ni kima cha chini. Nyumba iliyopigwa plasta Aprili Dar es Salaam au Tanga ipe wiki sita hata nane, maana hewa yenyewe imejaa maji. Fundi aliyebandika sentimita 3 ili kuficha tofali zilizopinda amekuongezea majuma mengine bila kukuambia. Ukiweza kupanga, piga plasta baada ya masika, upake rangi kati ya Julai na Septemba, kabla ya vuli.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ili kuharakisha. Moshi wake unaua, na uso wa plasta utakauka upesi na kupasuka huku ndani bado mbichi. Upepo unaopita dirisha hadi dirisha ndio dawa. Kama madirisha bado ni matundu, vizuri zaidi, mradi mvua isiingie.

Kupima, siyo kukisia

Plasta inayokauka hubadilika kutoka kijivu cha kukolea kwenda kijivu cheupe. Ukiona mabaka meusi, hasa kwenye kona, chini ya madirisha na futi ya kwanza kutoka sakafuni, subiri. Lakini macho hudanganya. Chukua nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne bila kuacha upenyo. Bandika jioni, fungua kesho yake asubuhi au mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, au plasta iliyokuwa imefunikwa imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, ukuta bado unatoa maji. Rudia baada ya wiki. Fanya hivyo sehemu tatu au nne, na moja iwe chini kabisa.

Chokaa unaweza kuiona kwa kitu cha jikoni. Koroga kijiko cha manjano ya unga kwenye maji kidogo, lowesha kipande cha tishu nyeupe, kisha kikandamize kwenye sehemu ya ukuta uliyoilowesha kwa maji safi. Manjano hugeuka nyekundu ya udongo ikikutana na alkali. Ukuta wa wiki mbili hugeuza karatasi papo hapo. Usitarajie kwamba siku moja itabaki njano safi, maana saruji hukaa na alkali yake muda mrefu sana. Jaribio hili linakuonyesha tu kwa nini praima, ile rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, si anasa. Na lifanyie nyuma ya mlango, doa la manjano halitoki.

Kagua plasta kabla ya kuifunika

Pita ukuta mzima ukigonga kwa kifundo cha kidole au sarafu. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachia inalia kama debe tupu. Eneo dogo la kiganja unaweza kulivumilia. Likiwa kubwa kama sinia, libomoe, lipigwe upya, na hesabu ya siku ianze tena hapo. Inauma, lakini ukilipaka rangi litaanguka na rangi yake.

Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa kama utando wa buibui ni za kusinyaa kwa plasta, hazina neno, zitazibwa na skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta. Ufa unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaotoka kona ya dirisha kwenda juu na unaingiza ncha ya kalamu, huo si wa fundi rangi. Mwite aliyejenga.

Ukiona unga mweupe au fuwele kama za chumvi zimeota juu ya plasta, maji yanapotoka huwa yanabeba chumvi na kuiacha usoni. Mchanga wenye chumvi huzidisha mambo, na watu wa pwani tunalijua hilo vizuri. Kosa la kawaida ni kuusafisha kwa maji: chumvi inayeyuka, inarudi ndani, wiki ijayo iko pale pale. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, upanguse kwa kitambaa kikavu, ungoje wiki moja. Ukirudi, fagia tena. Ukiendelea kurudi kwenye futi mbili za chini tu, mwezi baada ya mwezi, basi maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi hauna tabaka la kuzuia unyevu au udongo wa nje umezidi kimo cha sakafu ya ndani. Hakuna rangi ya kutibu hilo. Anza na kuchimba na kuondoa udongo huo wa nje.

Skimu

Plasta ya mchanga ina vinyweleo na mikwaruzo ya ubao. Ukitaka ukuta laini kama karatasi, unaskimu. Ukiridhika na ukuta wenye ukwaruzo kidogo, acha, utaokoa fedha na vumbi. Kwa stoo na gereji mimi siskimu.

Ukiamua, jua unachonunua. Unga wa jipsamu ni mweupe, mlaini, unasuguliwa kirahisi, lakini ukilowa unalegea. Unafaa vyumbani na sebuleni tu. Bafuni, jikoni karibu na sinki na nje ya nyumba tumia puti, yaani unga wa kuskimu, yenye asili ya saruji nyeupe, ile iliyoandikwa kwenye mfuko kuwa ni ya nje. Nimeona nyumba nzuri kabisa iliyoskimiwa jipsamu nje. Mvua ya pili ikaushusha ukuta kama uji.

Lowesha ukuta kidogo kwanza ili usinyonye maji ya puti upesi. Paka tabaka nyembamba, milimita moja au mbili, acha ikauke kabisa, kisha ya pili kwa kukata mwelekeo wa kwanza. Tabaka nene la mara moja hupasuka. Likikauka lote, siku moja au mbili kulingana na hewa, piga msasa namba 120 kisha malizia na 180 au 220. Shika taa au tochi ya simu ubavuni mwa ukuta, mwanga ukiwa umelala. Kila bonde na mlima vitajionyesha, na ni afadhali uvione sasa kuliko siku wageni watakapokaa na taa ya ukutani imewaka.

Vaa barakoa na miwani. Ukimaliza, toa vumbi kwa ufagio laini, halafu pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Vumbi la msasa ndilo sababu ya rangi nyingi kubanduka kama ngozi, na watu hulaumu kiwanda.

Mambo mawili mtaani utaambiwa ni ujanja, na yote mawili nayakataa. La kwanza ni kupaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa ili "kufunga" ukuta. Gundi hiyo hulainika tena inapokutana na maji ya rangi, na tabaka zote zinabaki zimekalia kitu kinachoteleza. La pili ni kupiga chokaa kwanza ili kuokoa rangi. Rangi itashika chokaa, na chokaa haitashika ukuta.

Hesabu ya rangi

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3. Mzunguko wake ni mita 15, mara 3 unapata mita za mraba 45. Toa mlango mmoja na dirisha moja, karibu 4, zinabaki 41. Dari ni 14.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kutegemea ulaini wa ukuta. Tumia 10 kwa ukuta ulioskimiwa. Mikono miwili ya kuta: lita 8.2. Mikono miwili ya dari: lita 2.8. Praima inanyonywa zaidi, ihesabu mita 8 kwa lita: kuta na dari pamoja, mita za mraba 55, zinataka karibu lita 7. Ukuta usioskimiwa ongeza robo nzima. Nunua rangi ya chumba kizima siku moja, yenye namba ile ile ya toleo kwenye kila kopo, na ukichanganyiwa dukani mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo upake. Krimu ya leo na krimu ya wiki ijayo ni ndugu wa baba mmoja tu.

Ukimtumia fundi, nunua vifaa mwenyewe na usiondoke siku ya kuzimua. Soma kwenye kopo, nyingi huruhusu asilimia 10 tu ya maji kwa mkono wa mwisho. Fundi anayelipwa kwa chumba ana sababu zote za kuongeza jagi la pili. "Bosi, ikikauka haionekani," aliniambia mmoja. Ni kweli, haikuonekana. Hata ukutani haikuonekana.

Praima

Omba dukani praima ya kuzuia alkali, ya ukuta wa saruji. Wauzaji wengi watakupa andakoti ya mafuta, yaani rangi ya chini ya kupaka mbao, kwa sababu ipo mbele yao. Hiyo ni mafuta, kumbuka sabuni. Unayoitaka imeandikwa kuwa inastahimili alkali, na iliyo rahisi kutumia ni ile ya maji. Ipake kwa rola mkono mmoja uliojaa, ikipenya kila kinyweleo, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Sehemu iliyonyonya hadi ikaonekana haikupakwa, irudie.

Bajeti ikikataa kabisa, kuna njia ya pili: rangi ya maji isiyong'aa, ya kawaida, izimuliwe sehemu nne za rangi kwa moja ya maji, ipakwe kama mkono wa kwanza. Itaua kiu ya ukuta, ili mkono wa pili usinyonywe maji yake na kubaki unga. Haizuii chokaa. Kwa hiyo ukiifuata, mwezi mmoja mwingine wa kusubiri una thamani kuliko fedha ulizookoa, na epuka rangi za kukolea, buluu na nyekundu hasa. Alkali huzichoma, ukuta ukawa na mabaka yaliyopauka. Usianze pia na silki au rangi yoyote ya kung'aa: inafunga uso, maji ya ndani hayana pa kutokea, yanaisukuma.

Dari hutangulia

Anza juu, matone yashukie kuta ambazo bado hazijapakwa. Zima swichi kuu kabla ya kufungua vifuniko vya taa.

Dari ya zege iliyopigwa plasta inafuata taratibu zile zile, ila hukauka polepole kuliko ukuta kwa sababu hewa ya chini ya slabu haitembei. Dari ya jipsamu haina alkali ya kuogopa, ina mambo yake: maungio yawe na tepu ya fiber na puti, vinginevyo kila mstari utapasuka, na vichwa vya skrubu viguswe kwa praima ya chuma, la sivyo baada ya muda utaona madoa ya kutu kama ndui. Doa la kahawia la maji yaliyovuja haliogopi rangi ya maji, litapenya mikono mitatu. Ziba bati kwanza, acha pakauke, paka doa peke yake andakoti ya mafuta, kisha rangi juu. Hapa mafuta yanaruhusiwa, chini yake kuna karatasi na jipsamu, hakuna saruji.

Tumia nyeupe isiyong'aa. Dari yenye mng'ao huonyesha kila bonde. Funga rola kwenye mpini mrefu usimame sakafuni, jifunge kitambaa kichwani, na upake kuanzia dirishani ukirudi ndani. Mkono wa mwisho upite kufuata njia ya mwanga, yaani kutoka dirishani, siyo kuukata.

Kuta

Kwa brashi ya inchi 2 au 3 chora ukanda kwenye kona, juu chini ya dari, kuzunguka swichi na fremu. Usichore chumba kizima kisha ukale chakula cha mchana. Chora ukuta mmoja, uujaze kwa rola ukanda ukiwa bado mbichi, ndipo uende mwingine, la sivyo utapata fremu ya rangi nyingine kuzunguka kila ukuta.

Rola ya inchi 9 inatosha. Ilowe, uikamue kwenye trei hadi isidondoke, piga mistari ya mshazari kwenye eneo la karibu mita moja, kisha isambaze na kumalizia kwa kupita kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza. Kipande kinachofuata kianze kwenye ukingo mbichi wa kilichotangulia. Zima feni. Kwenye joto letu feni hukausha ukingo kwa dakika chache, na mishono yake haifutiki. Kama jua linapiga ukuta kupitia dirishani, ziba dirisha kwa shuka. Kazi ikikauka, baada ya saa mbili hadi nne hewa ikiwa kavu au kesho yake kama kuna mvua, suguasugua kwa msasa uliochakaa, pangusa, weka mkono wa pili. Kama ulibandika tepu ya karatasi kwenye fremu, itoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiivuta kwa mshazari.

Bafuni na jikoni malizia kwa rangi ya maji inayoweza kuoshwa, yenye mng'ao kidogo na dawa ya kuzuia ukungu, lakini baada ya praima na miezi, siyo wiki.

Kuna nyumba moja ambayo haya yote hayaihusu: nyumba ya mawe ya matumbawe yenye plasta ya chokaa, kama zile za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu. Kuta zile nene hupumua, maji yanaingia na kutoka. Ukizifunga kwa rangi ya plastiki plasta inaoza nyuma yake na kudondoka vipande. Dawa yake ni chokaa ya kupaka, mikono mingi myembamba, na kurudia baada ya miaka michache kama mabibi walivyofanya.

Rangi ya maji hushikika baada ya saa moja, lakini kukomaa huchukua wiki mbili hadi nne. Usioshe ukuta, usiegemeze kabati, usibandike stika za watoto kabla ya hapo. Iliyobaki mimina kwenye kopo dogo ilijaze, ili hewa isibaki, andika kwenye mfuniko chumba, namba ya rangi na tarehe. Mwaka mmoja baadaye, mtoto akichora gari kwa kalamu ya wino ubavuni mwa swichi, utalitafuta kopo hilo.